Uza Kahawa, Usiuze Kihamba

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakishatoka mwezi wa saba, simu yangu hailali. Nafundisha kidato cha tano na sita hapa Moshi na wazazi wengi wana namba yangu. Huanza kwa furaha: "Mwalimu, kijana wako kapata division one!" Tunashukuru Mungu pamoja. Kisha sauti inashuka, na ninajua kinachofuata. Mzazi ameshapiga hesabu ya chuo, imemshinda, na ana kaeneo kake pale nyumbani, kihamba, yaani shamba la urithi la familia. Anataka kujua akauze sasa hivi au asubiri barua ya udahili.

Miaka ya nyuma nilikuwa nakwepa. Nilisema hilo ni la kifamilia, mkae mzungumze. Siku hizi nasema wazi: mlipie mwanao chuo kwa kila unachovuna, lakini usiuze kinachokuvunia. Wengine hunishangaa, maana mwalimu ndiye anayetarajiwa kusema elimu kwanza, mengine baadaye. Nimeyaona nyumbani kwetu, ndiyo sababu nasema hivi.

Sisi wa Kilimanjaro tumesomeshwa na kahawa. Wamisionari waliipanda Kilema, huku huku mlimani, mwaka 1898, na KNCU, chama kikuu cha ushirika wetu, kilipoundwa mwaka 1933 wakulima wa mlimani walikuwa tayari wanauza kahawa kwa pamoja. Babu alimsomesha baba kwa kahawa, baba akatusomesha sisi kwa kahawa. Msimu ukifika tulichuma kabla ya kwenda shule, jioni tunamenya kwa mashine ya mkono, tunavundika, tunaosha, tunaanika kwenye vichanja. Baba alikuwa na kaunta buku yenye jalada jeusi. Ukurasa wa kushoto aliandika kilo alizopeleka chama cha msingi, yaani ushirika wa kijijini, wa kulia majina yetu na karo zetu. Malipo ya kwanza yalikuwa ya muhula wa kwanza. Malipo ya pili yalikuja yanapokuja, na hapo ndipo tulipopata viatu. Mwaka ambao kahawa iliugua, dada yangu alikaa nyumbani muhula mzima. Aliumia, tukaumia wote, lakini mwaka uliofuata mibuni ilikuwa palepale, akarudi shule.

Mimi nilikwenda chuo mwaka 2007, Bodi ya Mikopo, ile ya serikali inayowakopesha wanafunzi wa vyuo, ikiwa na miaka miwili tangu ianze kazi. Mkopo ulibeba sehemu, baba akajazia kwa kahawa. Nilipoajiriwa nikaanza kukatwa asilimia 8 ya mshahara, sheria ilipobadilishwa mwaka 2016 ikawa 15. Nilinung'unika kila mwisho wa mwezi nikitazama salari slipu. Nimemaliza. Deni lile lilikuwa na jina langu, nililisaini mwenyewe, na siku lilipoisha liliisha kweli.

Mdogo wetu wa mwisho hakuwa na bahati hiyo. Kwa mila yetu yeye ndiye wa kubaki na kihamba cha nyumbani, ndiye atakayewazika wazazi na kukaa pale. Alipata nafasi chuo cha binafsi. Maombi ya mkopo tulichelewesha wenyewe: cheti chake cha kuzaliwa hakikuwa kimehakikiwa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, tukazinduka dirisha limeshafungwa. Ada ilikuwa milioni 1 na laki 8 kwa mwaka. Weka chakula na chumba kwa shilingi 10,000 kwa siku, kiwango ambacho Bodi yenyewe inakitumia sasa, kwa siku 240 za masomo: hiyo ni milioni 2 na laki 4 nyingine. Kwa miaka mitatu unazungumzia milioni 12 na laki 6, kabla hajanunua daftari wala kupanda basi.

Baba hakutuuliza. Aliuza nusu eka ya chini, kule kwenye mibuni iliyokuwa inazaa kuliko yote, kisha akanipigia simu. "Mama, nimeshamaliza. Mdogo wako asome." Nilimwambia asante baba. Nililia kwa furaha, sitaki kudanganya. Kanisani walimsifu, na mimi nilisimulia darasani kwangu kwa miaka miwili kama mfano wa mzazi bora.

Mdogo wangu alimaliza mwaka 2019 na shahada ya biashara. Alituma maombi ya kazi mpaka akachoka, akaitwa kwenye usaili mara nne. Leo anauza makava na chaja za simu Kariakoo, dukani kwa mtu. Ni kazi ya halali na anaifanya kwa bidii. Ila kila mwezi anamtumia baba elfu 50, hata mwezi ambao kodi ya chumba chake hajalipa. Hakuna aliyemwagiza. Usiku mmoja tukiwa wawili tu aliniambia: "Dada, kila nikila nyama naona kama nakula shamba la baba."

Tangu siku hiyo sijasimulia tena ule mfano darasani.

Kila nikilisema hili hujibiwa kwamba urithi wa mtoto ni elimu, kwamba ardhi inaweza kuporwa lakini kilicho kichwani hakiporwi. Nimeutamka msemo huo mwenyewe mara nyingi kwenye mahafali. Lakini tuuangalie vizuri. Kihamba kinawalisha watu wote wa nyumba ile, na waliozaliwa na ambao hawajazaliwa. Shahada ni ya mmoja. Ukikiuza kwa ajili ya mmoja, umewafanya wenzake wachangie bila kuulizwa, na umemfanya yeye adaiwe na ndugu zake wote kwa kiasi ambacho hakuna aliyekiandika popote. Deni la Bodi lina salio. Hili halina salio. Atalipa mpaka lini? Akioa, mke wake atalikuta.

Jambo jingine ambalo wazazi wetu huogopa kulisema: mkulima hana pensheni. Shamba ndiyo pensheni yake. Baba yangu sasa ana miaka 71 na anapeleka chama cha msingi nusu ya kilo alizokuwa akipeleka zamani. Aliuza uzee wake, na uzee ule umerudi mlangoni kwa yule yule kijana aliyekusudia kumnyanyua. Mwalimu Nyerere alipowaeleza wasomi wajibu wao aliwafananisha na mtu wa kijiji chenye njaa aliyepewa chakula chote kilichobaki, apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula, asiporudi, amewasaliti. Mfano ule naupenda na naamini ulikuwa wa kweli kwa wakati wake, maana huko mbali chakula kilikuwepo: nchi ilikuwa inatafuta wasomi kwa tochi. Mdogo wangu alikwenda, akatafuta, akakuta wenzake maelfu wanatafuta kitu hicho hicho. Hakusaliti mtu. Kwa hiyo kabla ya kumpa mmoja chakula cha mwisho cha nyumba, bakisheni mbegu.

Sasa nigeuke upande wa pili, maana wapo watakaoyashika maneno yangu wapate pa kujifichia. Hao sijawaandikia. Kuna wazazi wenye uwezo, wenye mshahara mzuri na nyumba za kupangisha, wanaomwambia mtoto: umeshafika miaka 18, jitegemee. Kweli Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni aliye chini ya miaka 18, na mwanafunzi wa chuo ameshavuka hapo. Lakini wengi wanaosema hivyo walisoma wakati serikali inalipa kila kitu. Kabla uchangiaji haujaanza miaka ya 90, mwanafunzi wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alilishwa, akalazwa, akapewa na nauli ya kurudi kwao likizo. Mtu aliyebebwa na taifa zima hana haki ya kumfundisha mwanawe kujitegemea kwa kumnyima ada aliyonayo benki. Ninaye mwanafunzi aliyeacha chuo mwaka wa pili kwa sababu hiyo, na baba yake anabadilisha gari. Kwangu mimi huko ni kumtupa mtoto.

Mwenye nacho alipe. Asiye nacho alipe anachoweza, hata kama ni nauli na debe la mahindi, na asione aibu. Mkopo wa Bodi mwachieni kijana aubebe. Tangu Julai 2021 ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo imeondolewa, kwa hiyo deni halivimbi tena kila mwaka kama la kwetu. Mwenye mshahara wa 800,000 atakatwa 120,000, inauma, lakini anakatwa akiwa na mshahara. Linganisha na mzazi anayekimbilia kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, nimewaona wakinyang'anywa makochi na televisheni mtoto akiwa bado mwaka wa kwanza. Na hicho cheti cha kuzaliwa kihakikini mtoto akiwa kidato cha tano, jamani, msisubiri kama sisi.

Na zungumzeni naye mapema. Mfungulie kaunta buku yako aone mwenyewe. Vijana wa miaka 17 wanaelewa hesabu vizuri sana, mimi nakaa nao kila siku. Wanachoshindwa kubeba ni siri, kugundua mwaka wa tatu kwamba lile shamba halipo. Akijua una milioni 1 kwa mwaka na si zaidi, atajaza vyuo vya ada nafuu, au ataanza na diploma, au atasubiri mwaka mmoja akifanya kazi. Mwanafunzi wangu mmoja alisubiri mwaka mzima akiuza ndizi soko la Mbuyuni. Aliingia chuo mwaka uliofuata, akiwa na mkopo.

Desemba iliyopita mdogo wangu alipanda nyumbani kwa Krismasi na basi la alfajiri. Mnunuzi wa ile nusu eka amepanda mstari wa masale, mmea wetu wa kuwekea mpaka, kupita katikati ya kihamba, na tangu yapandwe mdogo wangu alikuwa hapiti nyuma ya nyumba. Safari hii baba alimshika mkono wakaenda. Walisimama kwenye masale muda mrefu bila kuongea, kisha nikamsikia akiuliza upande wetu imebaki mibuni mingapi. "Mia na arobaini," baba akasema. "Mingi imezeeka." Kesho yake asubuhi niliwakuta wote wawili na msumeno, wanakata mibuni ya zamani kwenye visiki ili ichipue.