Kabla Hujapanda Kitanda cha Upasuaji, Uliza

Shirika la Afya Duniani lilipotaka kujaribu orodha yake ya usalama wa upasuaji, lilichagua hospitali nane katika miji minane. Mmojawapo ni Ifakara. Ifakara hii hii ya bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, Tanzania, kwa wakulima wa mpunga. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ikawekwa kundi moja na hospitali za London, Seattle, Toronto, Auckland, Manila, Amman na New Delhi. Kuanzia Oktoba 2007 hadi Septemba 2008 walifuatiliwa wagonjwa zaidi ya 7,600, karibu nusu yao kabla orodha haijaanza kutumika na waliobaki baada ya hapo. Matokeo yalitoka Januari 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7.

Naanza na Ifakara kwa sababu nimewasikia watu wengi, hata wenye elimu yao, wakisema kwamba viwango vya usalama wa thieta, yaani chumba cha upasuaji, ni mambo ya Ulaya na sisi huku tushukuru tukipata daktari. Sikubaliani nao hata kidogo. Orodha yenyewe ni karatasi moja yenye mambo 19. Sehemu kubwa yake ni watu kusimama kidogo, kuulizana kwa sauti na kujibiana. Imejaribiwa kwetu, kwa mikono ya wauguzi na madaktari wetu, kwa hiyo tuna haki ya kuidai kila tunapolazwa.

Na tunajua kinachotokea watu wasipoulizana. Novemba 2007, wakati utafiti huo unaendelea, pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili jijini Dar es Salaam wagonjwa wawili walibadilishwa. Majina yao ya kwanza yalifanana. Aliyekuja kwa ajili ya goti akapasuliwa kichwa, na aliyekuwa na uvimbe kichwani akapasuliwa goti. Miaka kumi na kidogo baadaye, mwanzoni mwa 2018, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi ikapata msiba unaofanana na huo: vibandiko vya majina vikachanganywa, na madaktari wakamfungua fuvu mtu ambaye hakuhitaji upasuaji. Walikuwa wameshafanya kazi kwa saa kadhaa ndipo wakagundua kwamba damu iliyoganda waliyokuwa wanaitafuta haipo. Hizi ni hospitali kubwa, zenye mabingwa. Ubingwa haukukosekana. Kilichokosekana ni mtu mmoja kumsogelea mgonjwa, au ndugu yake kama mgonjwa hajitambui, na kumwuliza: jina lako kamili nani, na leo unafanyiwa nini?

Swali hilo ndilo la kwanza kabisa katika orodha. Kabla dawa ya usingizi haijaanza kuingia, mgonjwa anathibitisha mwenyewe jina lake, sehemu inayopasuliwa, aina ya upasuaji, na kwamba ameridhia. Soma tena: mgonjwa mwenyewe. Anayetegemewa hapo ni wewe na mdomo wako, faili linafuata. Nilipomsindikiza shangazi yangu kwenda kuondolewa uvimbe kwenye kizazi, nesi wa tatu alipomwuliza jina lake, shangazi alikereka. "Mwanangu, mmeniuliza tangu asubuhi, kwani hamuandiki?" Nesi akacheka, akamjibu kwa upole: "Tunaandika mama, lakini nataka nikusikie wewe." Nilimpenda yule nesi siku ileile. Ukiulizwa mara nne, jibu mara nne. Usiitikie tu "ndiyo" ukitajiwa jina, kwa sababu mtu mwenye hofu na njaa huitikia jina lolote. Yataje mwenyewe, majina yote matatu. Na kama ni mguu, jicho, figo au ngiri, hakikisha upande umewekwa alama ya kalamu ukiwa macho na unaona.

Kuhusu usingizi watu wanaogopa sana lakini wanauliza kidogo. Wanaogopa nusu kaputi, wanaogopa kutoamka, halafu mtaalamu wa usingizi akija kitandani jioni wanamjibu kwa mkato ili aondoke. Huyo ndiye wa kumshika. Mwambie ukweli wote: presha, sukari, pumu, dawa zilizowahi kukupa vipele au kukubana pumzi, ndugu aliyewahi kupata matatizo thieta, meno yaliyolegea au ya bandia, pombe, sigara, na mitishamba. Hasa mitishamba, kwa sababu tunaificha tukidhani tutagombezwa. Ziko dawa za asili zinazozidisha kutoka damu au kuchezea presha, na mtaalamu asiyejua umekunywa nini anafanya kazi gizani.

Halafu kuna suala la kufunga. Kwa kawaida chakula husimamishwa saa sita kabla ya usingizi, na maji matupu saa mbili kabla, ingawa hospitali yako inaweza kukupa masharti yake na hayo ndiyo ya kufuata. Uji ni chakula. Chai ya maziwa ni chakula. Bibi anayempenyezea mtoto kikombe cha uji alfajiri kwa huruma hajui kwamba mtu akilala usingizi wa dawa, kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni, na hapo mtu anaweza kufa. Ikitokea mtoto amekula, semeni. Kuahirishwa hadi kesho ni usumbufu wa siku moja tu.

Uliza pia kama thieta ina kipimo cha oksijeni, kile kidude kinachobanwa kidoleni. Ni miongoni mwa mambo 19: kiwe kimewekwa na kinafanya kazi kabla usingizi haujaanza. Mwaka 2010 watafiti walikadiria kwamba vyumba vya upasuaji zaidi ya 70,000 duniani havikuwa nacho, na nchi maskini ndizo zilizoathirika zaidi. Hali imeboreka tangu hapo, lakini swali bado ni halali. Kwa upande wako, toa rangi ya kucha, na kama una harusi karibu, usipake piko, ile hina nyeusi, vidoleni, maana vinaweza kukizuia kifaa kisome sawasawa.

Jambo jingine dogo lenye uzito mkubwa: usijinyoe nyumbani kwa wembe. Najua wengi tumelelewa kuamini kwamba kwenda hospitali umenyolewa ni usafi. Wembe huacha michubuko midogo isiyoonekana, na bakteria hujificha humo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unasema nywele ziachwe, au zikilazimika kuondolewa, zipunguzwe kwa mashine. Oga vizuri kwa sabuni, basi. Mwongozo huohuo unasema dawa ya kukinga maambukizi itolewe kabla ya kuchanwa, na isiendelezwe baada ya upasuaji kwa ajili ya kinga tu. Orodha ya thieta inataka iwe imeingia ndani ya dakika 60 kabla ya kisu. Sindano moja kwa wakati wake ina maana kuliko mfuko wa vidonge vya wiki nzima.

Sasa nije kwenye jambo linalonigusa zaidi. Upasuaji unaofanyika kwa wingi kuliko mwingine barani Afrika ni wa kumtoa mtoto, na mara nyingi mama huchomwa ganzi ya mgongoni. Maana yake yuko macho. Anasikia kila kitu. Aliyepigwa nusu kaputi anashuhudia hatua ya kwanza tu ya orodha, lakini mama wa upasuaji anaweza kuzishuhudia zote tatu: ya kabla ya usingizi, ya kabla ya kisu na ya kabla ya kutoka thieta. Atasikia kama kabla ya kisu timu imesimama, kila mmoja amejitaja jina na kazi yake, na jina la mama limerudiwa kwa sauti. Atasikia daktari akieleza anachokihofia, mtaalamu wa usingizi akieleza chake, na nesi akithibitisha kwamba vifaa vimetakaswa, kwamba ile tepu ya kwenye mafurushi imebadilika rangi ndani ya mashine ya kuchemshia. Atasikia kama damu imeandaliwa, kwa sababu orodha inawataka waulizane mapema ikiwa anaweza kupoteza zaidi ya nusu lita. Na kabla hajatolewa, atasikia wakihesabu: mikasi, sindano, vitambaa vya kufyonzea damu. Idadi iliyoingia ndiyo itoke.

Kwa hiyo kina mama wajawazito wangefundishwa haya kliniki, kama wanavyofundishwa dalili za hatari. Mama akijua kwamba kuhesabu vitambaa ni lazima, ataweza kumwuliza nesi kwa adabu, akiwa bado mezani: "Samahani dada, hesabu imetimia?" Sidhani kama kuna mtoa huduma anayeipenda kazi yake atakayeudhika. Na akiudhika, avumilie.

Hapa najua nitapingwa. Wapo watakaosema mgonjwa hana elimu ya kumhoji daktari, amwachie kazi yake. Lakini maswali haya hayagusi namna ya kushika kisu. Wapo pia watakaosema orodha yenyewe haisaidii, na hao wana ushahidi wa kuwekwa mezani. Katika jimbo la Ontario nchini Kanada, hospitali zililazimishwa kutangaza hadharani kiasi zinavyoitumia, na utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kutoka hospitali 101 haukuona tofauti ya maana katika vifo. Ninavyouelewa mimi, amri ilishuka na karatasi zikajazwa, lakini kujaza karatasi si sawa na kuulizana. Sisi tunaijua tabia hiyo vizuri: visanduku vinawekwa vema vyote kwa mkupuo mmoja, mgonjwa ameshatoka. Ndiyo maana nataka mgonjwa naye aijue orodha. Ni vigumu kuruka swali ambalo anayeulizwa analisubiri.

Ningependa kuona orodha hii kwa Kiswahili chepesi, kwa herufi kubwa, imebandikwa ukutani pale wagonjwa wanaposubiri kuingia thieta na pale ndugu wanapokaa. Wizara zetu za afya zinabandika matangazo mengi. Hili halina gharama ya kutajika.

Ikiwa ni dharura, mama anavuja damu au kijana ametoka kwenye ajali ya bodaboda, usiwasimamishe madaktari kwa maswali. Hapo kazi ya ndugu ni kutoa majibu haraka: amekula saa ngapi, ana ugonjwa gani, anatumia dawa gani, amewahi kupasuliwa wapi. Andika kwenye simu yako leo, kwa ajili yako na wazazi wako. Fomu ya ridhaa wakikuletea, isome au usomewe. Uliza wanafanya nini, kuna njia nyingine gani, na ni hatari ipi kubwa zaidi. Kusaini bila kuelewa tumekufanya utaratibu wa kawaida, na inaniumiza.

Mwisho wa thieta si mwisho wa hatari. Mwaka 2018 ulitoka utafiti mkubwa wa upasuaji barani Afrika, uliokusanya wagonjwa zaidi ya 11,000 kutoka hospitali 247 katika nchi 25. Wengi walikuwa vijana na magonjwa yao mengine yalikuwa machache, lakini uwezekano wao wa kufa baada ya upasuaji wa kupangwa ulikuwa maradufu ya wastani wa dunia. Karibu mmoja kati ya watano alipata tatizo. Na waliofariki, sehemu kubwa mno hawakufia mezani. Walifia siku zilizofuata, wakiwa wameshatoka chumba cha upasuaji. Watu wanaweza kuvuka kisu salama, kisha wakapotea wodini kwa kukosa jicho la kuwaona wakibadilika.

Kwa hiyo siku ya kulazwa uliza nani anaangalia wodi usiku, ni wauguzi wangapi, na presha na mapigo yatapimwa kila baada ya muda gani. Uliza kama ndugu mmoja anaruhusiwa kukaa, na kama haruhusiwi, mgonjwa aite vipi. Aliye karibu aangalie pumzi, aangalie kama bandeji inalowa damu, kama mkojo unatoka, kama mgonjwa anaweweseka au anashindwa kuamshwa, na akaite mtu mara moja bila kusubiri mapambazuko. Ukiruhusiwa kwenda nyumbani, usiondoke bila namba ya simu ya wodi. Kidonda kinaweza kuingia maambukizi ndani ya siku 30, ukiwa umeshasahau hospitali: homa, usaha, harufu, wekundu unaotambaa, mshono unaoachia. Ukiona mojawapo, piga namba hiyo siku hiyohiyo, na wakikwambia usubiri hadi kliniki ya wiki ijayo, nenda.