Ilikuwa soda ya machungwa, jamani

Naandika haraka kabla ile stori nyingine ya suruali yangu haijafika Karagwe. Najua wengi mmeshaiona. Mwenzangu wa dawati, simtaji, anajijua, ananiazima kalamu tangu kidato cha kwanza na hajawahi kurudisha hata kifuniko, jana usiku karusha kwenye magrupu picha yangu nimesimama mbele ya bwalo, suruali ya kaki imelowa kuanzia mkandani mpaka magotini, juu yake kaandika VITA VYA MAJIMAJI, AWAMU YA PILI. Mkacheka. Na mi nilicheka, sekunde chache hivi, kabla sijaitambua suruali.

Sasa tuwekane sawa maana sisi ni watu wa mkondo wa sanaa, historia tunaiheshimu. Majimaji ilipiganwa 1905 mpaka 1907, ikaanzia kule kwa Wamatumbi, watu waliamini maji ya mganga Kinjekitile yatageuza risasi za Wajerumani ziwe maji. Yangu hayakuwa maji, na wala haikuwa hiyo mnayoifikiria. Ilikuwa soda. Ya machungwa. Ushahidi ni nzi walionisindikiza mpaka nyumbani.

Haya. Mnajua wageni wa shule yetu walivyo. Kila mgeni anaanza na "hata mimi nilikaa hapo mlipokaa nyinyi", hata kama darasa lenyewe limepauliwa juzi. Alikuja wa benki akatufundisha kuweka akiba, sisi ambao nauli tu inatutoa jasho. Akaja trafiki. Akaja yule wa kuhamasisha akatuambia tufumbe macho tujione tukiwa mawaziri, nusu ya bwalo wakapitiwa wakaamshwa na kengele. Kwa hiyo madam wa historia aliposema safari hii anamleta mtu aliyepigana Vita vya Kagera, mwenyewe kabisa, si mtoto wake wala mjomba aliyesikia kwa jirani, mi nilinyoosha mkono kabla hajamaliza kuuliza nani atatoa neno la shukrani.

Maana jamani tuseme ukweli, vita vya Kagera sisi tunavijua kwa namba. Sababu ya kwanza mpaka ya tano, athari ya kwanza mpaka ya sita, tena kwa Kiingereza. Amin kampindua Obote kule Uganda 1971, Obote kakimbilia kwetu, Nyerere kagoma kumtambua Amin, 1972 wale wakimbizi wakajaribu kurudi kwa bunduki wakashindwa, Oktoba 1978 Amin kavuka mpaka anasema mpaka halali ni mto Kagera, Aprili 1979 Kampala imeanguka, funga daftari kengele imelia. Na sisi tunaishi hapa hapa! Gofu la kanisa pale Kyaka tunalipita tukiwa kwenye kosta tunagombania dirisha, makaburi ya wanajeshi yako Kaboya hapo Muleba, ila kwetu bado ni pointi namba nne na ukiisahau unakosa maksi mbili.

Mzee akaja kwa bodaboda. Kaunda suti ya kijivu, nishani kifuani, fimbo, buti limepigwa kiwi mpaka unaweza kuchania nywele, na mfukoni kahawa ya kutafuna aliyowagawia walimu kabla hata hajaketi. Mi nikawekwa meza kuu, ubavuni kwake kabisa, eti mtoa shukrani akae karibu na mgeni. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba mjukuu wangu, akaniuliza jina, akaniuliza ukoo, nikamtajia, akatikisa kichwa akasema hao nawajua, watu wazuri, ila wakikukopa hama mji.

Sasa kabla hamjanihukumu naomba mzingatie mazingira. Usiku wa kuamkia siku hiyo sikulala, nilikuwa nakariri shukrani. Mchana tulikula makande. Bwalo letu ni bati tupu, saa nane ile jua limekaa juu yake kabisa. Halafu kabla ya mzee kupewa maiki alisimama afisa mmoja kutoka wilayani kusema "mawili matatu" kuhusu mahudhurio, yule baba akaanzia kwenye takwimu za utoro, akapita kwenye matundu ya vyoo, akarudi tena kwenye utoro. Wadau, mi nilikuwa nimeshaanza kuona vitu.

Na nataka iandikwe kwamba mzee alipoanza nilikuwa macho. Nilisikia vizuri jinsi daraja la Kyaka lilivyolipuliwa na watu wa ng'ambo ya mto wakakimbia na kuku mikononi. Nilisikia Novemba ile Nyerere anatangaza kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, na nia tunayo, mzee akiwa kijana wa mgambo, mtoto wa watu, hata ndevu hana, akaenda. Nilisikia wakajenga daraja la muda wakavuka, Januari 1979 wakaichukua Mutukula, pale mpakani upande wa Uganda, matope yanafika kwenye mapaja, na wanatembea. Kwa miguu! Gari ni la risasi na la chakula, wewe umepewa miguu, itumie. Alipofika Masaka mi nikafumba macho kidogo ili nione picha vizuri.

Kuanzia hapa nasimulia kwa msaada wa mashahidi, mwili wangu ulikuwepo ila mimi sikuwepo.

Mzee kafika Lukaya, njia ya kwenda Kampala. Machi 1979. Barabara ni moja, kushoto kinamasi, kulia kinamasi, giza linaingia, na Gaddafi kashamletea Amin Walibya wenye vifaru na maroketi. Wanasema hapo mzee alishusha sauti mpaka bwalo zima likasogea mbele ya viti. Hakuna anayekohoa. Afisa wa utoro mwenyewe kasahau simu yake. Mzee akasema tulikuwa tumekaa, mwenzangu ananiomba kiberiti, mara tukasikia mluzi angani. Akanyamaza. Akainua fimbo polepole. Akaipiga mezani, vidole vinne kutoka sikio langu lilipolala, PAAAA, akaunguruma kwa sauti yote aliyobaki nayo tangu 1979:

LALA CHINIIII!

Hapa twende taratibu. Mwenye haraka aruke.

Cha kwanza kuamka kwenye mwili wangu ni mguu wa kulia. Ukapiga teke, kiti kikarudi nyuma, nikabaki hewani sina kiti. Cha pili ni mkono wa kushoto. Huu mkono ulikuwa umelalia kitambaa cha meza, kile cheupe chenye maua ya kudarizi, madam alikitoa kwake kabatini akatuambia kikipata doa tutafutane. Mkono ukakikamata. Naomba mtaalamu anieleze kwa nini mtu akiwa anakimbia kifo anaondoka na kitambaa. Mi nikaenda chini, kitambaa kikanifuata, na juu ya kitambaa kulikuwa na chupa za soda zimeshafunguliwa, sahani ya karanga, chombo cha maua ya plastiki, kitabu cha wageni, na maiki. Hapo macho yameshafunguka. Naiona soda ya afisa inainama. Inasimama kidogo. Inarudi. Nikapata tumaini, nawaambieni, pale katikati ya hewa nikapata tumaini kabisa. Halafu ikaamua.

Nikatua kifudifudi. Mikono kichwani, matako juu, pua kwenye buti la mzee, naona uzi mmoja mmoja wa mshono. Nyuma yangu vitu vinashuka kwa zamu, puu, kacha, puu, kitabu cha wageni kikanipiga mgongoni kikafunguka ukurasa wa maoni. Na ile soda ikamwagika sakafuni, ikatambaa, ikanitafuta, ikaniingia tumboni.

Baridi.

Sasa jiweke kwenye nafasi yangu. Umetoka usingizini, umesikia mlipuko, jeshi limekuambia lala, umelala, halafu unahisi kitu cha majimaji kinaenea tumboni. Ungefikiri nini? Mi nilijua nimepigwa. Nilijua hiyo ni damu yangu na imeshapoa. Ndipo nikapiga kelele.

MAMAAAA NAKUFAAAA!

Ingekuwa kwa mdomo tu yangeishia bwaloni tukayamaliza kifamilia. Ila maiki ilikuwa imeangukia mbele ya kinywa changu, imewashwa, na mwalimu wa michezo alikuwa ameining'iniza spika ya pili kwenye mwembe wa nje ili majirani nao wapate elimu. Wameipata. Mama wa ndizi pale getini anasema alitupa kisu akaanza kukimbia bila kujua anakokimbilia. Bodaboda wa kijiweni walizima pikipiki wasikilize vizuri nani anakufa. Kuna mtu, simjui ni nani na sitaki kumjua, aliitikia kutoka barabarani "POLE!"

Halafu kimya. Mi nipo chini, nasikia spika inalia wiiiiiii, nasikia karanga moja inabingirika inaenda zake, nikafungua jicho moja nikaona miguu ya wanafunzi safu nzima haitikisiki. Nikawaza nibaki hapo hapo. Kweli nilifikiria, wakibeba viti watanibeba na mimi. Kule nyuma kwa kidato cha kwanza mmoja akafanya "kwi". Kwi moja tu, ndogo, ya puani.

Bwalo likapasuka.

Yaliyobaki nayapitia mbiombio. Mkuu wa shule anasema tulieni huku anajifuta machozi. Afisa ana karanga ndani ya shati, kaondoka bila kula pilau. Mzee ndiye aliyeniinua, kanishika kola, kanisimamisha, kachukua maiki akasema jamani msimcheke, pale Lukaya roketi nyingi zilipita juu ya vichwa vyetu, lakini wengi wetu tulikuwa mgambo, wageni wa mambo, kamanda anasema laleni sisi tunakimbia, mi mwenyewe nilikimbia na kiberiti cha mwenzangu mkononi, ikabidi tukusanywe na vikosi vingine vije ndio kesho yake tukawarudishia. Huyu mjukuu wangu ndiye mtu wa kwanza kumwona anatii ile amri papo hapo. Wakapiga makofi, na mwalimu wa taaluma akapiga picha ya kumbukumbu ya shule, ndiyo hiyo mliyonayo, ilivyomfikia huyo wa kalamu mi sijui.

Mngedhani hapo wangeniacha nikabadilishe nguo. Madam akasema kwa meno yaliyofungwa, shukrani. Nikasimama nimelowa, nanata, hotuba niliyoikesha yote imetoka kichwani isipokuwa notisi za Kiingereza, nikajikuta namshukuru mzee na wenzake kwa ushujaa wao uliopelekea kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mzee akainua kidole taratibu. Akasema mjukuu wangu, Jumuiya ilikufa 1977, sisi tumeingia vitani 1978, hiyo maiti usinibebeshe. Nikakaa. Kumbe kiti hakijarudishwa.

Sitaki kuizungumzia hiyo ya pili.

Kitambaa nimekifua kwa sabuni ya kipande, nimekifua kwa ya unga, nimekianika, ua moja limegoma kurudi jeupe. Madam hajanisemesha, kanitumia ujumbe wa bei tu. Baada ya vita Nyerere aliwaambia watu wafunge mikanda miezi 18, mi nikipiga hesabu ya hela yangu ya vitumbua naona nitaizidi. Kuhusu huyo mwenzangu wa dawati: uwezo wa kumpiga ninao, sababu ya kumpiga ninayo, nia ya kumpiga ninayo, kikwazo ni kimoja tu, ndiye kiranja wa chakula na Jumatatu ni siku ya nyama.

Nyumbani nilipitia mlango wa nyuma, bure, mama alikuwa ameshapigiwa simu na watu wa sokoni. Kacheka mpaka kakaa chini. Bibi peke yake hakucheka. Bibi mwaka ule wa 1978 alikuwa msichana huko Bunazi, walivuka mto na wazazi wake kabla daraja halijalipuliwa, na tangu nizaliwe ukimuuliza habari hizo anakutuma maji. Akaniita uvunguni mwa mgomba kule nyuma, akanipapasa kichwa kuona kama nimeumia, akaniuliza huyo mzee alisema walipita wapi. Nikamwambia. Mutukula, Masaka, Lukaya. Akatulia. Akauliza ni mrefu? Nikasema mrefu, ana kaunda suti na nishani. Akauliza, anatembea mwenyewe? Nikasema na fimbo, ila bibi, mkono anao, niulize mimi.

"Na mkewe yupo?"

Nikasema bibi, sikumuuliza, nilikuwa nimelala.

Akasema kesho nimpelekee kile kitambaa akitoe doa kwa limau na chumvi, na nimwambie madam kwamba wakiitafuta tena historia ya vita wasihangaike kwenda mbali, yeye yupo na anayo, ila wampe taarifa mapema akasuke.

Madam kakubali, mwezi ujao, tena wamwalike na mzee wakae meza moja. Shukrani atatoa mtu mwingine.