Kimeo hakina kosa

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anashinda akicheza, giza likiingia anaanza kukohoa, na ikifika saa nane usiku nyumba nzima iko macho. Asubuhi jirani anamfungua mdomo, anamulika kwa tochi ya simu na kutoa hukumu: "Kimeo hicho, mpelekeni kikakatwe."

Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo, na kila mtu anacho. Mtoto akipata mafua koo lote huvimba, na kimeo nacho huvimba, kikaonekana kirefu na chekundu. Kimekumbwa na ugonjwa kama jirani zake, hakikuuleta. Kinachowapa wakataji jina ni kalenda. Kikohozi cha virusi hukaa siku nyingi kuliko wazazi wanavyodhani: watoto tisa kati ya kumi hupona ndani ya siku 25 bila dawa yoyote. Mtoto anakatwa kimeo wiki ya pili, kikohozi kinaisha wiki ya tatu, sifa zinakwenda kwa mwenye kisu. Wanaofikishwa hospitali wakivuja damu, au wakiwa na pepopunda, hawaingii kwenye masimulizi hayo.

Nasema wazi kwamba duka la dawa nalo lina kosa hilohilo, na mara nyingine hata maabara. Tunakimbilia kuizima sauti kabla ya kuuliza inatoka wapi. Kisha, kama ni kupima, tunapima kilicho rahisi kupimwa.

Kwanza, kwa nini usiku? Mtoto akilala, kamasi iliyokuwa ikitoka puani hushukia kooni. Njia za hewa nazo hubana zaidi usiku, hasa kwa mwenye pumu. Halafu kuna chumba chenyewe: jiko la mkaa lililoingizwa ndani kwa sababu ya baridi, udi, na ile dawa ya mbu ya kuchoma, ya duara. Watafiti waliowahi kuupima moshi wake walikuta duara moja hutoa vumbi laini sawa na la sigara 75 hadi 137. Itoe chumbani leo, funga chandarua. Wapo watoto ambao tiba yao yote ni hiyo.

Kipimo cha kwanza hakihitaji maabara. Subiri mtoto alale au atulie. Akilia au akinyonya hesabu haifai. Pandisha fulana mpaka kifua na tumbo vionekane, weka saa ya simu sekunde 60, hesabu kila tumbo linapopanda. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne, kwa sababu mtoto mdogo hupumua kwa vishindo, mara haraka, mara anapumzika. Ukipata namba kubwa, rudia kuhakikisha. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno. Kuanzia mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza mitano, mpaka ni 40. Kisha tazama chini ya mbavu: akivuta hewa, je, pale panabonyea kuingia ndani? Pumzi za haraka au kifua kinachobonyea humaanisha huenda ni nimonia, na safari ya hospitali haisubiri asubuhi. Hali kadhalika akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea asizindukane, au akitoa sauti ya mkwaruzo anapovuta hewa hali ametulia. Kwa ngozi nyeusi usitafute rangi ya bluu mashavuni. Angalia ulimi na fizi.

Kama hakuna hata kimoja kati ya hivyo, usiku unavukika nyumbani. Asali, nusu kijiko cha chai hadi kijiko kizima kabla ya kulala, hutuliza koo, lakini ni kwa aliyetimiza mwaka mmoja tu. Kwa mdogo zaidi inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu ya kupoozesha misuli. Matone ya maji ya chumvi ya dukani puani, mawili au matatu kila tundu, kisha unafuta. Maji, uji mwepesi, au ziwa la mama kwa anayenyonya. Sirapu za kikohozi sizipendi kwa watoto wa umri huu: hazina faida ya maana, na baadhi humlewesha mtoto akalala kumbe anapumua kwa shida. Mwaka 2022 kule Gambia watoto wapatao 70 walikufa kwa figo kushindwa kufanya kazi, na sirapu zilizochafuliwa zikahusishwa na vifo hivyo. Na antibayotiki iliyobaki ya kaka yake haiui virusi.

Ukishikwa na wasiwasi, rekodi video. Kikohozi cha usiku kina tabia ya kumuaibisha mzazi: mtoto akifika mbele ya daktari saa nne asubuhi anacheka. Sekunde 30 za video, kifua kikiwa wazi na sauti ikisikika, humwambia daktari mengi kuliko "anakohoa sana". Kikohozi kama mbweko wa mbwa kinaelekeza kwenye uvimbe wa koromeo. Kinachokuja kwa mfululizo mpaka mtoto anaishiwa pumzi, anavuta hewa kwa mlio, kisha anatapika, kinaelekeza kwenye kifaduro. Hapo kadi ya kliniki itaulizwa kama chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 zilikamilika. Mluzi wakati wa kutoa hewa, unaokwenda na kurudi, ni njia ya kuelekea pumu. Na kikohozi kilichoanza ghafla mtoto akiwa anakula karanga au akichezea shanga ni kisa kingine kabisa: kuna kitu kimekwama, na hicho hutolewa hospitali.

Sasa maabara. Malaria ipimwe kama kuna homa, ila ikitoka chanya haifuti nimonia. Mtoto mmoja anaweza kuwa na vyote viwili. Kipimo cha Widal cha taifodi kwa mtoto anayekohoa ni pesa iliyotupwa. Picha kamili ya damu ina kazi zake, lakini haiwezi kukwambia peke yake kama ni virusi, bakteria au kifua kikuu. Kipimo cha kupuliza cha pumu hakimwezi mtoto wa miaka miwili, kwa hiyo kwake jaribio ni tiba yenyewe: pampu ya salbutamol, dawa ya kufungua njia za hewa, kupitia chemba (kopo linalounganisha pampu na barakoa) na barakoa, mpulizo mmoja kwa wakati, mtoto apumue mara tano ndani yake, kisha daktari asikilize kifua tena. Pale chemba isipopatikana, chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitako kwa umbo la mdomo wa pampu imethibitika kufanya kazi. Salbutamol ya sirapu inatetemesha mikono kuliko inavyofungua kifua.

Ninalolilalamikia hasa ni kifua kikuu (TB). Kikohozi kikivuka siku 14, swali lake lazima liulizwe, japo wengi hawatakuwa nacho. Swali lenyewe lina vipande vinne: je, kuna mtu aliyeugua TB karibu na mtoto katika miezi 12 iliyopita, mstari wa uzito kwenye kadi umelala au unashuka, homa imezidi wiki mbili, mchezo umepungua? Kovu la BCG, chanjo ya TB anayochomwa mtoto mchanga, si jibu. Chanjo ile huzuia zaidi TB ya ubongo na ile inayosambaa mwilini. Ya mapafu bado inaweza kumpata.

Wazazi wengi hurudishwa nyumbani kwa sababu "mtoto hawezi kutoa makohozi". Ni kweli hawezi, anayameza. Ndiyo maana yanafuatwa tumboni. Kwa njia ya zamani, mpira mwembamba hupitishwa puani alfajiri, mtoto akiwa hajala kwa saa nne au zaidi, na kuvuta mililita 5 hadi 10 za maji ya tumbo. Ni kazi ngumu kwa mtoto na kwa anayemshika. Njia nyepesi ni choo, yaani kinyesi chake. Shirika la Afya Duniani limeidhinisha choo cha mtoto kipimwe kwenye GeneXpert, mashine inayotambua vinasaba vya vimelea vya TB, na inayohitajika ni chini ya gramu moja. Tumia poti safi na kavu, kisichanganyike na mkojo, chukua kwa kijiko cha kikopo chenyewe, kifikishe siku hiyohiyo. Mashine hutoa jibu ndani ya saa mbili, foleni ni habari nyingine. Uliza kwa jina: "Mnapima TB kwa choo?"

Na jibu likiwa hasi, usikunje karatasi ukaondoka. Mapafu ya mtoto hubeba vimelea vichache, mashine inaweza kuvikosa. Daktari anaruhusiwa kuanza tiba kwa dalili, historia ya kuwa karibu na mgonjwa wa TB na picha ya eksirei. Pamoja na hayo apimwe VVU, maana majibu yake hubadilisha njia yote. Dawa za watoto siku hizi huyeyushwa kwenye maji na zina ladha ya matunda, na kwenye vituo vya serikali Tanzania na Kenya hazilipiwi. TB isiyo kali hutibiwa kwa miezi minne badala ya sita.

Mtoto wa miaka miwili akikutwa na TB, ameipata kwa mtu, na mara nyingi ni mkubwa aliye naye karibu: bibi, dada wa kazi, mjomba aliyekuja likizo na kile "kikohozi cha sigara". Hao waitwe kupimwa wiki hiyohiyo. Watoto wengine wa nyumba hiyo walio chini ya miaka mitano nao waletwe, hata wasiokohoa, wakaguliwe, na wasio na TB wapewe dawa kinga.