Mgahawa wa Ufukweni Unapofungwa, Si Jiko Pekee Lenye Kesi

Tarehe 31 Desemba 2020, Cliff House, mgahawa uliojengwa juu ya mwamba unaotazama Bahari ya Pasifiki pembezoni mwa San Francisco, ulifunga milango. Wafanyakazi wapatao 180 walibaki bila kazi. Rambirambi zilikuwa nyingi, kwa kuwa mahali hapo palikuwa na mgahawa wa jina hilo tangu 1863, ukaungua, ukajengwa, ukaungua tena, na jengo la sasa ni la 1909. Lakini pembeni ya rambirambi kulikuwa na sauti nyingine, ambayo husikika kila mgahawa wa namna hii unapokufa: mandhari mazuri, chakula cha kawaida, bei ya kukomoa. Kwa wenye kauli hiyo korona iliharakisha tu hukumu ambayo wateja walikwisha kuitoa.

Tuwatendee haki kwanza. Dirisha linalotazama bahari ni mali adimu. Mshindani hawezi kuchonga mwamba mwingine kando yako. Mwenye dirisha anajua mgeni atakuja tu, apikiwe vizuri au vibaya, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mgeni mwenyewe hana namna ya kumwadhibu mpishi, maana kesho yuko kwenye ndege. Miaka ya karibuni simu imempa fimbo. Mchumi Michael Luca, alipokuwa Harvard Business School, alilinganisha alama za mtandao wa Yelp, ambako wateja huipa migahawa nyota, na mapato ya migahawa katika jimbo la Washington, akakuta kwamba nyota moja ya ziada huongeza mapato kwa asilimia 5 hadi 9 kwa migahawa isiyo na mtandao wa matawi. Kwa hiyo, wanasema, mgahawa uliozoea kula kwa ujinga wa mgeni sasa umebanwa, na wa kulaumiwa ni wenyewe.

Sehemu kubwa ya hayo naikubali. Ninapoachana nao ni pale wanapochukulia kwamba chakula cha kawaida ni uvivu, na kwamba mgahawa wa aina hii ukifungwa mlaji amepata nafuu.

Angalia jengo lenyewe. Ukuta wa upande wa bahari wote hupewa wateja, kwa sababu ndio unaouzwa. Jiko husukumwa nyuma au chini, kwenye nafasi iliyobaki. Hewa ya chumvi inakula majokofu, feni, bawaba na fremu za madirisha, na fedha ambazo mgahawa wa katikati ya mji ungeongezea mshahara wa mpishi mzuri huku zinaishia kwenye kutu. Halafu kuna suala la saa. Jua linatua mara moja kwa siku na kila mtu anataka meza ya dirishani kwa wakati huohuo. Jiko lililokuwa linapiga miayo mchana linapokea oda za ukumbi mzima kwa mkupuo. Mpishi aliye katika hali hiyo habuni kitu. Anapika kile ambacho hakitaharibika kikisubiri dakika kumi kwenye kaunta. Na mteja akishakaa, hainuki. Ameagiza kinywaji kimoja, anatazama mawimbi kwa saa mbili, na ana haki, maana hicho ndicho alichokuja kununua. Katika muda huo mgahawa mwingine umeshaketisha makundi matatu kwenye meza ileile. (San Francisco ina adha yake ya ziada: kiangazi, watalii wanapofurika, upande ule wa mji mara nyingi humezwa na ukungu. Gharama za dirisha zinaendelea, bahari haionekani.)

Kwa hiyo mgahawa wa mandhari hauuzi chakula na kuongeza mandhari kama zawadi. Unauza kiti kwa muda, na sahani ndiyo tiketi. Cliff House ulionyesha jambo hilo waziwazi mwaka 2020, ulipojaribu kuuza chakula cha kubeba baada ya ukumbi kufungwa kwa ajili ya korona. Haukudumu na biashara hiyo; ilileta hasara ikasitishwa. Wapinzani wanaweza kuuchukua mfano huo na kusema, unaona, chakula chenu bila dirisha hakina mnunuzi. Sawa. Lakini hakuna anayelisuta jumba la sinema kwa sababu bisi zake haziuziki nje ya ukumbi.

Takwimu inayonisumbua zaidi katika mjadala huu inatoka kwingine, Hong Kong. Pale bandari ya Aberdeen palikuwa na Jumbo, mgahawa unaoelea, urefu wake karibu mita 80, uliojengwa kwa sura ya kasri la kifalme la Kichina na kupambwa kwa taa kutoka mwanzo hadi mwisho. Ulifunguliwa mwaka 1976 chini ya Stanley Ho, tajiri wa kasino za Macau, baada ya moto wa 1971 kuua watu 34 kabla haujaanza hata kazi. Malkia Elizabeth wa Pili alifika, nyota wa filamu walifika. Wenyeji wengi walikiona chakula chake kuwa ghali kwa ubora wake. Ulifungwa Machi 2020. Wamiliki walieleza kwamba tangu 2013 hasara zake zilikuwa zimepita jumla ya dola za Hong Kong milioni 100. Na walieleza pia, kwa fahari, kwamba katika uhai wake ulipokea wageni zaidi ya milioni 30.

Milioni 30. Igawe kwa miaka 44, unapata wageni karibu 680,000 kwa mwaka. Ukishusha zaidi ni watu zaidi ya 1,800 kwa siku, kila siku ya Mungu, zikiwemo siku za vimbunga. Ukumbi wake ulitajwa kuweza kuketisha watu 2,300. Yaani kwa wastani wa maisha yake yote, mgahawa huo ulikuwa kama unaojaa robo tatu na zaidi kila siku kwa mkao mmoja, kwa miongo minne. Biashara iliyokataliwa na watu haina hesabu kama hiyo. Na bado ilikufa na hasara. Idadi inasema hili, daftari linasema lile.

Nadhani siri imo katika kile ambacho idadi hiyo haisemi: ni wangapi walirudi. Watu milioni 30 waliokuja mara moja ni tofauti kabisa na watu milioni 3 waliokuja mara kumi. Huyu wa pili ndiye anayemjua mhudumu kwa jina, anayeleta wazazi wake siku ya harusi, anayetokea jioni ya Jumanne ambapo hakuna mtalii hata mmoja. Mgeni wa mara moja ni kama mvua: inanyesha kwa fujo, ikikatika huna kisima. Mwaka 2020 mipaka ilipofungwa, mvua ikakatika.

Hapa mpinzani atadakia kwamba wangepika vizuri wangerudiwa. Kwa kiasi, ndiyo. Lakini kuna sababu nyingine ya mwenyeji kutorudi, na sijaona ikipewa uzito unaostahili. Mwenyeji haihitaji meza ili ayapate mandhari. Mkazi wa Aberdeen aliliona kasri lile kila jioni kutoka barabarani, taa zake zikicheza majini, bila kulipa hata senti. Mabango ya utalii ya jiji zima yalijipamba kwa picha yake. Madereva wa vivuko na wenye mashua ndogo walipata abiria kwa ajili yake. Umeme wa taa hizo ulilipwa na mmoja, ukafaidiwa na wote. Mgahawa ulipokokotwa kutoka bandarini tarehe 14 Juni 2022, watu walijipanga ufukweni kuuaga, na siku chache baadaye zikaja habari kwamba umepinduka katika Bahari ya Kusini mwa China, karibu na visiwa vya Paracel. Wengi waliosikitika hawakuwa wateja. Wengine watawaita wanafiki: mnalilia mgahawa ambao hamkula? Mimi naona walikuwa na haki kabisa ya kulia. Walikuwa wanufaika ambao mashine ya malipo haikuwahi kuwahesabu, na ndiyo maana kusema "soko limeamua" ni kusoma nusu ya daftari.

Turudi San Francisco, kwenye suala la mkataba, ambalo wapenda chakula huliruka. Cliff House ni mali ya umma. Tangu 1977 imo ndani ya eneo la hifadhi la Golden Gate, na mwendeshaji hupewa mkataba na mamlaka ya hifadhi za taifa. Familia iliyouendesha mgahawa tangu 1973 iliondoka ikiilalamikia mamlaka hiyo kwamba imeshindwa kumteua mwendeshaji wa muda mrefu; mkataba wao mkubwa ulikuwa umekwisha mwaka 2018 na baada ya hapo wakawa wanaendeshea kwenye nyongeza ya muda mfupi.

Mamlaka nayo haikuwa ikicheza. Sheria ya Marekani ya 1998 kuhusu biashara ndani ya hifadhi za taifa iliwaondolea waendeshaji wakubwa haki ya kupendelewa mkataba unapohuishwa, na ikaweka miaka 10 kuwa muda wa kawaida, ukomo ukiwa 20. Kusudi lilikuwa jema: familia au kampuni moja isijimilikishe mwamba wa taifa kizazi hadi kizazi, zabuni iwe wazi, umma upate kodi ya haki. Ningekuwa mbunge wa wakati ule huenda ningeipigia kura. Ila sheria hiyo ina kivuli chake. Mtu anayejua kwamba mwakani huenda hayupo hanunui oveni mpya. Hamsomeshi mpishi msaidizi. Hafungi mkataba na mvuvi kwa miaka mitano. Anabadilisha balbu, anapaka rangi, anasubiri barua. Janga likija, hakopesheki, kwa sababu benki inataka kujua mkataba unaisha lini. Halafu sisi tunaingia, tunaonja samaki, tunasema jiko limelala.

Na baada ya kufungwa kulifuata nini? Mgahawa ulioboreka? Jengo lilikaa bila mwendeshaji, na mpaka mpya anatangazwa miaka zaidi ya miwili ilikuwa imepita. Kwa muda wote huo mwenye njaa hakula vizuri zaidi. Hakula kabisa.

Najua mfano wa kunipinga. The River Café, uliofunguliwa mwaka 1977 juu ya jahazi chini ya daraja la Brooklyn, New York, una mandhari ya kutosha kumsahaulisha mtu sahani yake, lakini jiko lake limewahi kupewa nyota ya Michelin, mwongozo maarufu wa migahawa bora. Kimbunga Sandy kiliufurisha kwa maji mwaka 2012, ukarudi kazini 2014. Inawezekana, basi, dirisha na sahani vikaheshimiana. Inawezekana, lakini tazama bili. Chakula cha jioni huko huuzwa kwa seti nzima, kwa bei ambayo mwalimu wa shule ya msingi anaipangia miezi. Ukichanganya upishi wa daraja la juu na ukingo wa maji, unapata mgahawa bora, na unapata pia ukumbi ambao babu na wajukuu wake wanne hawaingii. Mgahawa wa kawaida wa mandhari, pamoja na ughali wake wa kuudhi, ulikuwa na mlango wa nyuma kwa mtu wa kipato cha kati: agiza kikombe, shika kiti, tazama. Anayeshangilia kufungwa kwake akitegemea kuja kwa bora zaidi aulize kwanza hicho kikombe kitagharimu kiasi gani.

Kuna jambo moja ambalo upande ninaouelekea hauwezi kulikwepa. Jumbo haukuuzwa, ulitolewa bure. Mwishoni mwa 2020 aliyekuwa Mtendaji Mkuu (kiongozi wa serikali) wa Hong Kong, Carrie Lam, alitangaza kwamba ungekabidhiwa kwa Ocean Park, kituo cha burudani cha jirani. Mpango ukafa kwa kukosa mwendeshaji. Wamiliki walisema walizungumza na kampuni zaidi ya kumi, zote zikakataa. Serikali nayo ikasema haina nia ya kuweka fedha, kwa kuwa kuendesha biashara kama hiyo si kazi inayoimudu. Kitu kikitolewa bure kikakataliwa na watu zaidi ya kumi, ni vigumu kudai kwamba tatizo ni kutoeleweka.

Hata hivyo walichokikataa hakikuwa jiko. Ilikuwa ukaguzi wa lazima wa chombo, leseni, matengenezo ya mwili wa meli yanayokula mamilioni kila mwaka hata mlango ukiwa umefungwa. Kuendesha jiko kweli si kazi ya serikali. Gati, ukaguzi na zile taa ambazo jiji zima lilizitazama bure ni suala jingine. Vingeweza kuwekwa kwenye fungu la bandari au la utalii, mwendeshaji akabakiziwa mishahara, samaki na sahani. Kwa masharti hayo pengine mmoja kati ya wale zaidi ya kumi angesaini. Na kama wote wangekataa hata hapo, basi wanaosema mgahawa ulistahili kufa wangekuwa na ushahidi ambao kwa sasa hawana.