"Mnataka amani?" si swali la kupima mkataba

Muulize mtu aliyelala miaka na miaka kambini Pabbo, kambi ya waliokimbia vita kaskazini mwa Uganda, kama anataka amani. Atajibu ndiyo kabla hujamaliza swali. Anachotaka ni risasi zinyamaze. Nani afungwe, nani asamehewe, nani alipe: hapo ndipo watu wanapoachana njia, na hapo ndipo maswali ya utafiti wa maoni juu ya mkataba wa amani yanapaswa kuanzia.

Tazama mazungumzo ya amani ya Juba, Sudan Kusini. Juni 2007 serikali ya Uganda na LRA, waasi wa Joseph Kony, walitia saini makubaliano ya uwajibikaji na maridhiano, yakitaja mila za upatanisho: mato oput ya Waacholi, kayo cuk ya Walango, ailuc ya Wateso na tonu ci koka ya Wamadi. Kuzitaja mila hizo ilikuwa heshima waliyostahili. Lakini mato oput inataka ukoo wa muuaji ukiri na kulipa fidia, kisha pande mbili zinywe pamoja maji machungu ya mzizi wa oput. Barlonyo, karibu na Lira katika eneo la Walango, LRA waliua watu zaidi ya 300 tarehe 21 Februari 2004. Ukoo upi utakiri kwa upi, wakati wauaji hawajulikani kwa majina na wengi katika LRA walikuwa watoto waliotekwa? Mtu wa kabila la Lango anaweza kuunga mkono mkataba mzima na bado akakikataa kipengele hicho kimoja.

Kwa hiyo ugawe mkataba vipande vipande, uulize juu ya kila kimoja. Ireland Kaskazini, kabla ya mkataba wa amani wa Aprili 1998, tafiti za maoni zilipima kila pendekezo kwa ngazi tano: ni la lazima, linafaa, linakubalika, linavumilika, halikubaliki. Kwa maoni yangu ngazi mbili za mwisho ndizo zenye thamani kubwa, maana mkataba haudumu kwa kupendwa bali kwa kuvumiliwa. Na matokeo yasomwe jamii kwa jamii. Kura ya maoni ya Mei 1998 juu ya mkataba huo ilitoa asilimia 71 ya ndiyo. Ndani yake Wakatoliki karibu wote, Waprotestanti wengi kidogo tu kuliko nusu. Serikali yao ya pamoja ilisimamishwa toka 2002 hadi 2007.

Uganda wastani wa taifa ungewameza Waacholi, kwa kuwa ni wachache. Chukua sampuli ya kila jamii peke yake: watu 400 waliochaguliwa kwa bahati nasibu hukupa kosa la makadirio la asilimia 5 hivi juu au chini, lakini 50 hukupa karibu 14, na hapo huwezi kusema lolote la maana.

Lugha nayo huharibu kazi. Kica, kwa Kiacholi, ni huruma na msamaha, na ndilo neno linalotumika pia kwa msamaha wa serikali kwa waasi chini ya sheria ya mwaka 2000. Mhojiwa akikubali kica, hujui kama amemsamehe moyoni jirani aliyekuwa muasi au anakubali tu mahakama isimguse jirani huyo. Tafuta maneno mawili tofauti. Nasi tunaokipenda Kiswahili tukubali: kaskazini wako wengi waliokisikia kwanza kwa askari kwenye vizuizi vya barabara. Ukiwahoji kwa lugha hiyo, utajibiwa kama anavyojibiwa mwenye bunduki. Mwenyekiti wa LC1, yaani halmashauri ya kijiji, aarifiwe, lakini asikae kando ya anayehojiwa.

Yote haya yafanyike kabla ya saini, vipengele vikiwa bado vinaweza kubadilishwa. Kolombia walisaini kwanza, Septemba 2016, ndipo wakawauliza wananchi. Hapana ikashinda kwa asilimia 50.2. Mkataba uliorekebishwa wa Novemba ulipitishwa bungeni, haukurudishwa kwa wapiga kura.