Ukiambiwa "dramu orijino", uliza orijino wapi

Katika biashara ya dramu za zamani hakuna neno lililochakaa kama "orijino". Mtu anauza snea (dramu fupi yenye nyaya zilizotandazwa chini yake) ya Ludwig, kampuni ya dramu ya Marekani, ya miaka ya 1960, anaandika orijino, na wala hajadanganya: mbao ni zile zile. Ila hakusema kwamba ringi za kubana ngozi zimetoka kwenye dramu nyingine, boliti mbili ni za dukani, na kingo zimechongwa upya. Kwa hiyo taja kipande kimoja kimoja: mwili, ganda la plastiki la nje, kingo, lagi (vishikio vya boliti mwilini), ringi, beji, matundu. Ngozi usihangaike nayo, hiyo huisha na kubadilishwa kama tairi.

Ugomvi mkubwa uko kwenye kingo, yaani pale mwili wa mbao unapogusana na ngozi. Dramu za Ludwig za enzi hizo zilitoka kiwandani Chicago zikiwa na ukingo uliobutuliwa kwa nje. Mafundi wengi wa leo huuchonga kwa nyuzi 45 hadi uwe mkali, kisha wanatangaza "imerejeshwa". Imerejeshwa wapi? Hiyo imebadilishwa. Mlio unakuwa mkali na mrefu zaidi, na ule mlio mzito, mfupi, uliomfanya mnunuzi aitafute ndio umeondoka na vumbi la mbao.

Kwenye snea hasara ni mbili. Upande wake wa chini una mabonde mawili ya kina kidogo yanayoziwezesha nyaya kulala bapa juu ya ngozi. Ukishusha ukingo mzima kwa milimita moja bila kuyachonga upya, yanabaki na kina kifupi mno, nyaya zinanyanyuka katikati au pembeni na kuanza kuvuma ovyo. Watu hulaumu nyaya, wananunua nyingine, mvumo uko pale pale.

Kukagua si kazi kubwa. Vua ngozi zote mbili, laza mwili juu ya kioo kinene, weka tochi ndani, zima taa ya chumba. Mwanga ukipenya kwenye mabonde, ni sawa. Ukipenya pengine, ukingo umepinda au umechongwa vibaya. Kisha pima kipenyo pande nne. Tofauti ya milimita 1 au 2 inavumilika. Ikizidi 3, mwili umekuwa yai, na kukaza boliti hakutauponya.

Ndiyo maana sikubali maneno matatu yachanganywe. Kusafisha ni kuondoa uchafu bila kugusa kitu kingine. Kukarabati ni kuifanya ipigike tena, hata kwa vipuri vya leo. Kurejesha ni kuirudisha ilivyotoka kiwandani, kwa vipuri vya aina na kipindi kile kile. Dramu iliyokarabatiwa vizuri ni ya heshima. Tatizo ni kuiuza kwa bei ya iliyorejeshwa. Hata kusafisha kuna mtego: asetoni huyeyusha ganda la plastiki. Maji ya vuguvugu na sabuni kidogo yanatosha, na mshono wa ganda usiulowanishe.

Namba ya beji nayo hupewa imani isiyostahili. Ludwig walianza kupiga namba kwenye beji kuelekea mwisho wa 1963. Februari 1964 Ringo Starr, mpiga dramu wa Beatles, akaonekana kwenye televisheni ya Marekani nyuma ya dramu za Ludwig, na oda zikafurika. Beji hazikupigiliwa kwa kufuata mfululizo wa namba, kwa hiyo namba inakupa kipindi tu, haikupi mwezi. Muhuri wa tarehe ndani ya mwili, kama upo, una uzito zaidi.

Snea za metali za Ludwig ziitwazo Supraphonic zina msamiati wake. Nyingi ni alumini iliyopakwa kromu, na kromu haishikani vizuri na alumini: unyevu ukiingia, inatoa vipele, kisha inabanduka. Matoleo ya mwanzo kabisa yalikuwa ya shaba ya njano (brasi) chini ya kromu, na hayo hutafutwa sana. Sumaku haitakusaidia, kwa kuwa haishiki alumini wala shaba. Mizani itakusaidia, shaba ni nzito kwa wazi. Vipele kwenye ile inayouzwa kama ya shaba ni sababu ya kufunga pochi.

Wakusanyaji wa Marekani huita dramu iliyotengana na wenzake "yatima". Seti iliyounganishwa kutoka kwa mayatima, sisi tuna neno zuri zaidi: ya kuungaunga. Kuipiga ni raha kama nyingine, mradi iuzwe kwa jina lake.

Matundu ya ziada, mara nyingi ya kishikio cha tomu (dramu isiyo na nyaya) au cha sahani (simbali), hushusha bei kuliko mikwaruzo yote ya ganda, kwa sababu hata yakizibwa kwa mbao na gundi, ndani yanaonekana. Omba picha ya ndani ya mwili, mwanga ukiwa wa pembeni. Asiyetaka kuituma, mwachie dramu yake.