Aljebra ya chuo ianzie kwenye magazijuto

Mwaka 2003 nilipata F ya Hisabati kidato cha nne, na kwa miaka ishirini niliamini mlango huo umeshafungwa. Niliolewa, nikaingia biashara ya viazi kati ya mashamba ya Isyonje na soko la Mwanjelwa, nikasomesha watoto. Mwaka juzi nikaamua kurudi darasani: cheti cha biashara, masomo ya jioni, hapa hapa Mbeya mjini. D zangu nne ziliniingiza. Nilipopewa ratiba ya muhula wa kwanza, somo la juu kabisa lilikuwa aljebra.

Somo hilo nimelimaliza na nimefaulu. Lakini nimeona watu wazima wenye akili zao timamu, na vijana wa miaka kumi na tisa, wakiliacha njiani. Wengine waliondoka chuo kabisa kwa ajili yake. Ndiyo maana nawaandikia walimu na wakuu wa vyuo vyetu vya Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Mbeya hadi Iringa, nikiwaomba kitu kimoja: anzeni pale tulipoachia. Wengi wetu tuliachia darasa la saba.

Testi ya kwanza nilipata 31. Karatasi bado ninayo. Swali la pili lilikuwa hili: 3 – 2(x – 4) = 5. Mimi nilifungua mabano nikaandika 3 – 2x – 8 = 5, nikaendelea vizuri hadi mwisho, nikapata x ni hasi tano. Jibu sahihi ni tatu. Mwalimu aliweka alama ya kosa kwenye jibu na kuendelea na swali lingine. Tulikuwa darasa kubwa, sijui angefanya nini zaidi. Aliyenionyesha kosa ni kijana mmoja kutoka Tukuyu tuliyekuwa naye diskasheni.

“Mama, umefanya yote sawa,” akaniambia. “Umekosea hapa tu, kwenye hiyo nane.”

“Si kuna kutoa mbele yake?”

“Kutoa kupo, na ndani ya mabano kuna kutoa kwingine. Ngoja nikuulize mama. Mimi nina madeni mawili kwako, kila moja elfu nne. Leo umeniambia, mwanangu, yote mawili nimeyafuta. Mimi nimesogea wapi?”

“Umepata elfu nane.”

“Basi ndiyo hiyo. Madeni ni hasi nne, umeyaondoa mawili, nimepata nane.”

Hasi mara hasi ni chanya. Sentensi hiyo niliiimba shuleni mpaka sauti ikakauka. Na tangu nianze kuuza viazi nimefuta madeni ya wateja mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Hakuna siku mtu aliniambia kwamba vitu hivyo viwili ni kitu kimoja. Usiku ule nilirudi nyumbani na bajaji huku mvua inanyesha, nikakaa jikoni na daftari, nikafungua mabano ishirini na tano mfululizo kabla sijalala.

Sasa turudi darasa la saba. Kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania analijua neno magazijuto: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Ni neno zuri, limebeba sheria nzima ya kukokotoa kwa silabi tano. Tulijifunza milinganyo kwa Kiswahili, tukajua namba chanya na namba hasi, tukajua kipeuo cha pili. Kisha tukaingia kidato cha kwanza, na ndani ya wiki moja maneno yote yakageuka Kiingereza. Mtoto aliyekuwa anaelewa sehemu anaanza kukariri majina ya sehemu. Matokeo ya kidato cha nne tunayaona: Hisabati ni miongoni mwa masomo yanayofelisha zaidi nchini, mwaka nenda mwaka rudi. Halafu tukifika chuo mwalimu anafungua desa, yaani nakala ya notisi za somo, anasema haya mlishayasoma sekondari, anaruka kurasa nane.

Hata magazijuto yenyewe ina shimo ambalo mimi nililifukia nikiwa chuoni. Chukua 10 – 4 + 3. Ukifuata herufi kama zilivyo, utajumlisha kwanza: 4 na 3 ni 7, toa kwenye 10, unabaki na 3. Si kweli. Jibu ni 9. Jumlisha na toa zina hadhi moja, unakwenda kutoka kushoto kuelekea kulia, na gawanya na zidisha ni hivyo hivyo. Hilo linafundishika kwa dakika kumi, kwa Kiswahili, siku ya kwanza ya muhula. Nimeona wenzangu wameshika sapu, yaani mtihani wa kurudia, kwa sababu ya dakika hizo kumi.

Najua wapo watakaosema mtihani ni wa Kiingereza, kwa hiyo ukifundisha kwa Kiswahili unamdanganya mwanafunzi. Sikubaliani kabisa. Mtu akishaelewa kitu, jina lake la Kiingereza analishika kwa siku mbili. Asiyeelewa ukimpa jina, atabaki na jina tupu. Na aljebra, kati ya masomo yote, haina sababu ya kutuonea kwa lugha. Mtu aliyeipa jina ni Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad, akaandika kitabu chake mnamo mwaka 820. Nilipoona jina la kitabu hicho kwa Kiarabu nilishangaa, kwa sababu nililisoma nusu nzima bila mkalimani. Kuna neno kitabu. Kuna neno ambalo sisi tunasema muhtasari. Kuna hesabu. Na mwisho kuna maneno mawili ya kazi yenyewe: al-jabr na al-muqabala. La pili ndilo mkabala wetu, vitu viwili kutazamana uso kwa uso. La kwanza lina mzizi mmoja na jabari, na maana yake ni kurudisha kilichovunjika mahali pake; waunga mifupa nao waliitwa kwa neno la mzizi huo huo.

Rudi kwenye swali langu la testi. Ukishafungua mabano sawasawa unapata 11 – 2x = 5. Upande wa kushoto umevunjika, umekatwa 2x. Unauunga kwa kuongeza 2x pande zote mbili: 11 = 5 + 2x. Hiyo ndiyo al-jabr. Halafu 5 inatazamana na 11, unaiondoa kila upande, inabaki 6 = 2x. Huo ndio mkabala. X ni tatu. Al-Khwarizmi hakuwa hata na alama hizi tunazotumia, aliandika yote kwa maneno, na katika utangulizi wake alieleza kwamba anawaandikia watu wa mirathi, biashara na upimaji wa ardhi. Kwa maneno mengine, watu kama mimi.

Hapa nina ugomvi na kitu kimoja tunachofundishwa tangu sekondari: “ikivuka, inabadilika alama.” Inavuka nini? Kanuni hiyo inakupa jibu la haraka leo na kukuangusha kesho. Mwenzangu mmoja alikuwa na 3x = 12 akaandika x = 12 – 3, kwa sababu tatu imevuka ikabadilika. Ukimuuliza kwa nini, hana cha kusema, maana hakupewa sababu. Kila aliyewahi kuuza kwenye masoko yetu ya Mwanjelwa au Soweto anajua mizani ya jiwe: ukiweka kitu upande huu, weka sawa na hicho upande ule, la sivyo inalala. Mtu wa kwanza kuchora alama ya usawa, Robert Recorde wa Wales, mwaka 1557, alichagua mistari miwili sambamba kwa maelezo kwamba hakuna vitu viwili vinavyoweza kulingana zaidi ya hivyo. Mizani ndiyo mlinganyo. Mwalimu akianzia hapo, hana haja ya kuvusha kitu chochote.

Na wale wanaouliza mtu wa ununuzi au uhasibu anataka aljebra ya nini, niwape mfano wa kwangu. Tuseme gunia la viazi shambani Isyonje ni elfu 45. Kubeba na ushuru ni elfu 3 kwa kila gunia. Gari ni laki tatu kwa safari, liwe limejaa au lina gunia moja. Mjini nauza gunia elfu 60. Nibebe magunia mangapi ili nisipate hasara? Kwa miaka nilikuwa nabahatisha. Nilijua magunia kumi ni hasara na hamsini ni faida, katikati ni giza. Sasa naandika, kwa maelfu: 60x = 48x + 300. Ondoa 48x kila upande, inabaki 12x = 300. X ni 25. Gunia la ishirini na sita ndilo la kwanza linalonilisha.

Kilichonifungua macho zaidi ya jibu ni kutenganisha gharama zinazokwenda na gunia na gharama zinazokwenda na safari. Bei ikishuka mjini hadi elfu 54, mlinganyo unakuwa 6x = 300, na ghafla nahitaji magunia 50. Bei imeshuka kwa sehemu ya kumi tu, mzigo ninaohitaji umekuwa mara mbili. Msimu uliopita niliona hesabu hiyo kwenye daftari, nikampigia simu jirani yangu wa kibanda tukachangia gari moja.

Kwa hiyo ombi langu kwa vyuo ni wiki mbili. Wiki mbili za mwanzo za muhula, kabla ya desa, zitumike kwa namba hasi, sehemu, mabano na mizani, mwalimu akieleza kwa Kiswahili na kuandika majina ya Kiingereza ubaoni pembeni. Testi ya kwanza isiwe ya kuchuja, iwe ya kuonyesha kila mtu shimo lake liko wapi, na karatasi irudi na kosa limezungushiwa mahali lilipotokea. Nanyi wenzangu wa jioni mliochoka na kazi, msiishie kusoma desa kwa macho. Aljebra inaingia kwa mkono. Kwenye steshenari wanauza daftari za kurasa 200. Mimi nilimaliza mbili na nusu.

Jumamosi mchana, soko likipoa, vijana watatu wa mwaka wa kwanza huja nyuma ya kibanda changu. Wiki iliyopita tulichora chini kwa kijiti hesabu ya al-Khwarizmi mwenyewe. Namba ikizidishwa kwa yenyewe aliiita mal, neno lile lile la mali yetu: mali moja na vipeuo kumi vyake ni sawa na 39. Sisi tunaandika x² + 10x = 39. Tulichora shamba la mraba, kila upande x. Zile 10x tukazigawa vipande viwili vya upana wa hatua tano, kimoja tukakiweka ubavuni, kingine chini. Shamba likawa karibu mraba mkubwa, ila kona moja iko wazi. Nikawauliza kona hiyo ni ya ukubwa gani. Binti aliyepata 28 kwenye testi yake akainama, akapima kwa kijiti, akasema ni tano kwa tano, ishirini na tano. Tukaiongeza kila upande: 39 na 25 ni 64. Mraba wa 64 una upande wa nane. Nane toa tano ni tatu.

Alikagua mwenyewe: tatu mara tatu tisa, kumi mara tatu thelathini, jumla thelathini na tisa. Kisha akasema, “Mama, kwenye desa wameandika majibu mawili, tatu na hasi kumi na tatu. Hiyo ya pili iko wapi hapa chini?”

Chini haipo, nikamwambia, kwa sababu shamba halina upande wa hasi, na ndiyo maana mzee wa Baghdad alitoa jibu moja tu. Lakini iweke kwenye mlinganyo uone. Akazidisha hasi kumi na tatu kwa hasi kumi na tatu, akasita kidogo kwenye alama, akaandika 169.